Ndoo Ishirini za Kisima Namba Saba

Tarehe 16, mwezi wa pili

Dada mpendwa,

Nilifika mjini salama, ila mgongo bado unanikumbusha ile barabara. Boksi la barafu nililipakata safari nzima kama mtoto mchanga, hadi mama mmoja aliyekaa pembeni akaniuliza nauza samaki gani. Nikamwambia nimebeba maji. Akahama kiti.

Nayaandika tuliyoyafanya kisimani ili usije ukasema sikukuambia. Kampuni inataka kuchimba makaa ya mawe nyuma ya kilima chetu. Kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, sheria inataka maji ya visima vyote vya karibu yapimwe mwaka mzima, ijulikane yalikuwaje. Siku yakiharibika, hiyo karatasi ndiyo itakayotutetea. Kisima alichotuachia baba sasa kinaitwa namba saba. Nimewaomba ofisini uwe mteka sampuli wake, kwa sababu mimi siruhusiwi kusafiri kila mwezi, na huko kwetu ninayemwamini ni wewe tu.

Kila mwanzo wa mwezi, kabla hujajaza chupa, piga pampu umwage ndoo ishirini. Maji yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha si maji ya ardhini, yamekaa na kutu ya bomba. Yamwage mbali, hatua thelathini. Kila ndoo ya tano tumbukiza kile kipima nilichokuachia, uandike namba kwenye fomu. Namba zikiacha kubadilika ndipo ujaze chupa. Ile yenye kifuniko chekundu ina tone la asidi, usiisuuze wala usiionje, nakujua wewe. Dereva wa ofisi atapita saa moja asubuhi kuchukua boksi. Barua zako weka humo humo, maana simu huko ni pambo la kifuani.

Maji niliyoyateka mwenyewe siku ile yametoka maabara leo. Dada, ni mazuri mno. Binti wa maabara ameniuliza kama nimewaletea ya chupa ya dukani.

Mdogo wako

*

Tarehe 3, mwezi wa tatu

Bwana Maji,

Barua yako ilinifikia imelowa kama nepi, lakini nimeisoma. Boksi liko mlangoni na chupa zote zimejaa.

Unakumbuka mama alivyokuwa akiamka kabla ya majirani, anateka ndoo moja, anaifunika kwa sahani, na ole wake atakayeigusa? Alikuwa akisema maji ya kwanza ya asubuhi, kabla hayajaguswa na mtu, ni ya mgeni unayemheshimu. Basi nimekufanyia hivyo hivyo. Wanawake walipokuja na ndoo zao walinikuta nimeshamaliza kazi yako, nimekaa kizingitini nakunywa chai.

Fomu nimejaza, namba zote zimo. Ila huyo aliyebuni habari ya kumwaga ndoo ishirini, nakuapia hajawahi kubeba hata moja kichwani. Foleni ya hapa unaijua. Kuna bibi anatoka ng'ambo ya shamba la mahindi na kidumu kimoja, akifika hana pumzi ya kusalimia.

Dereva wenu nimempa jina, anaitwa Kesho. Kila nikimwuliza atarudi lini hana jibu jingine. Msalimie wifi yangu.

Dada yako, mama yako wa pili

*

Tarehe 28, mwezi wa nne

Dada mpendwa,

Wifi yako anatapika kila asubuhi, nadhani unajua maana yake. Tumefurahi hadi tunaogopa.

Nina swali, na naomba usikasirike. Zile ndoo ishirini unazimwaga kweli? Maji ya mwezi wa tatu yalitoka na chuma kingi, na ya mwezi huu yana rangi ya chai iliyochujwa mara mbili. Bomba letu ni la zamani, hivyo nimewaza labda siku moja ulikuwa na haraka. Ukiniambia ukweli tutarekebisha, hakuna atakayejua. Ofisi yangu haina hata dirisha, nimekaa nazitazama hizi namba nakosa la kuandika.

Mdogo wako

*

Tarehe 2, mwezi wa tano

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na bado nimesimama. Mtoto niliyemfuta kamasi leo ananiuliza kama nasema kweli! Ama kweli tenda wema nenda zako.

Ndiyo, nazimwaga. Zote ishirini, hatua thelathini, hadi nyasi za pale zimeota upya. Ukitaka njoo uhesabu, njia unaijua. Kama maji yako yana kutu, kamuulize Kesho boksi analiweka wapi akisimama kula. Mimi nimekunywa haya maji miaka yote na meno yangu ni haya haya.

Wifi ale kitu kikavu kabla hajanyanyuka kitandani. Asilale chali. Nimefurahi kwa ajili yenu, hata kama umenikera.

Dada yako

*

Tarehe 30, mwezi wa nane

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa swali lile. Sitauliza tena.

Bosi ameziona namba za kisima namba saba. Amesema zinafanana mwezi kwa mwezi na kwamba hilo ndilo la muhimu kwenye kazi hii. Kwa hiyo endelea vivyo hivyo, usibadilishe kitu. Nimewekwa kuwasimamia wapimaji wote, na nimehamishiwa chumba chenye dirisha, naona mtaa na duka la viatu. Ripoti ikipokelewa nitapewa mkataba wa kudumu. Mtoto atazaliwa baba yake ana kazi ya kueleweka.

Mdogo wako

*

Tarehe 1, mwezi wa kumi na mbili

Mdogo wangu,

Hongereni! Kesho ameniletea habari ya mtoto hata kabla hajazima gari, nikampigia vigelegele hadi akaona haya. Mwambie huyo binti ana shangazi.

Jua limetuchoma mwaka huu. Pampu sasa inapigwa mara arobaini ndipo inatema, lakini ikitema inatema kitu kitamu, baridi, kama cha enzi za baba. Visima vya bondeni viwili vimekauka. Sasa hapa kwetu wanakunywa watu wa nyumba kumi na tisa. Wananitania, wananiita Daktari wa Kisima. Wakiniona na fomu wananipisha. Wanasema hata hao wa makaa wakija, sisi tuna karatasi, Daktari ameandika yote. Nacheka nao, lakini fomu naikunja haraka, na sababu ninayo mwenyewe.

Kuna jambo nataka kukuambia siku tukikutana. Si la kuandika. Njoo umlete mtoto nimwone.

Dada yako

*

Tarehe 20, mwezi wa pili

Dada,

Mwaka umekwisha, boksi la mwezi huu ndilo la mwisho, ila dereva ataendelea kupita huko. Ripoti imepelekwa serikalini na kwenu italetwa nakala. Kuja sasa hivi sitaweza, kazi imenibana. Asante kwa yote.

Mdogo wako

*

Tarehe 30, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Leo mwalimu mkuu ametusomea ripoti. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Alipofika kisima namba saba alisafisha miwani, akasoma taratibu: maji hayafai kunywewa na binadamu, na yalikuwa hivyo kabla ya mradi.

Visima vingine sita vimeandikwa vya kulindwa. Vikiharibika, kampuni lazima ichimbe vingine. Chetu hakimo. Mwalimu anasema maana yake ni kwamba siku maji yetu yakigeuka sumu hakuna wa kuulizwa, kwa sababu kwenye karatasi yaligeuka zamani. Nyumba kumi na tisa, na ukame huu! Niliinuka nikachota glasi kwenye mtungi wa darasa, ambao umejazwa hapa hapa kwangu, nikainywa mbele yao yote. Hakuna aliyecheka. Yule bibi wa kidumu aliniuliza, "Sasa Daktari, uliandika nini?"

Tarehe ishirini mwezi ujao wakaguzi wa maji wanakuja kusikiliza pingamizi, hapo hapo shuleni. Baada ya siku hiyo orodha ya visima inafungwa na uchimbaji unaanza. Wewe ndiye uliyesoma. Nieleze ilikuwaje maji yaliyofanana na ya dukani yakawa haya.

Dada yako

*

Tarehe 6, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Hujajibu. Basi acha niseme mimi, maana sipati usingizi.

Sikumwaga. Hata ndoo moja, mwezi wowote. Ule mwezi wa kwanza ulipoondoka nilijaribu. Nilijaza ndoo moja, nikaenda zile hatua thelathini, nikaiinamisha, mkono ukakataa. Miaka kumi nilibeba maji kutoka mtoni, mingine nikiwa na wewe mgongoni, kabla baba hajapata hiki kisima. Nimwage ishirini chini, na bibi wa watu yuko njiani na kidumu? Nikairudisha nyumbani nikapikia. Tangu hapo nikawa nateka ya kwanza kabisa, kabla watu hawajafika, nikijua nimekupa yaliyo bora. Zile namba za kipima nilizinakili kutoka kwenye karatasi niliyoandika pembeni siku ile tulipopima wote wawili. Ulipouliza nikaona aibu, na aibu ikanifanya nikutukane.

Mwalimu amenieleza jana, bila kujua ananichoma. Amesema bomba linajisafisha lenyewe watu wakichota. Kwa hiyo ningewaacha wanawake wajaze ndoo zao, halafu nikakutekea wewe wa mwisho kama mtu baki, maji yangekuwa sahihi na lisingemwagika tone. Nilikupa ya kwanza kwa heshima. Heshima yangu ndiyo iliyotuua.

Nitasimama kikaoni niseme. Ninachoogopa ni wewe. Una mtoto wa miezi mitano, na wasije wakakufukuza kwa upumbavu wangu. Niambie niseme nini, au unyamaze nijue ni juu yangu kuchagua.

Dada yako

*

Tarehe 17, mwezi wa nne

Dada,

Barua zako mbili ziko mezani hapa. Nimeanza kujibu mara nne, nikachana mara nne.

Nilijua. Tangu mwezi wa nne wa mwaka jana nilijua. Fomu zako zilikuwa na namba zile zile hadi nukta ya mwisho, na hakuna kisima kinachofanya hivyo, maji hubadilika kama watu. Na kutu ile ilikuwa ya bomba, hata mwanafunzi angeiona. Ningepanda basi asubuhi, saa sita mchana ningekuwa mlangoni kwako, tungemwaga wote, yangekwisha. Badala yake nilikuandikia swali moja. Ulipokasirika nilifurahi, Dada. Nilipata sababu ya kutouliza tena.

Bosi hakuwa mjinga, naye alijua. Kisima chetu ndicho kilicho karibu zaidi na shimo litakapochimbwa, na ndicho kitakachoharibika kwanza. Wenye kampuni walifurahi kukuta ni kibovu tayari. Siku tunapanga ripoti aliyaona maji niliyoyateka mwenyewe mwezi wa pili, akasema, "Hii moja inaharibu jedwali. Hizi kumi na mbili zinakubaliana. Mwaka wetu uanze mwezi wa tatu." Alikuwa anakula karanga wakati anasema. Mstari ule niliufuta mimi, kwa kidole changu hiki. Wiki ile ile nikasaini mkataba.

Kwa hiyo usibebe mzigo usio wako. Wewe uliona huruma ya maji. Mimi sikuona huruma ya mtu.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya mwezi wa pili, ina sahihi yangu na yako, na karatasi ya maabara yenye mhuri. Niliifuta kwenye jedwali lakini kuichana nilishindwa, ilikuwa kwenye droo chini ya soksi. Kipimo kimoja kilichochukuliwa vizuri kinatosha kukirudisha kisima kwenye orodha, ndivyo kanuni inavyosema. Wape wakaguzi mkononi. Usiseme lolote kuhusu ndoo kabla hawajaishika. Waambie mdogo wako aliificha. Nikifukuzwa, nitafukuzwa.

Mimi sitakuja. Bosi atakuwepo, na sina uso wa kukaa kwenye yale madawati. Nimempa dereva barua hii sasa hivi. Amesema kesho.

Mdogo wako

*

Tarehe 23, mwezi wa nne

Barua yako imenifikia jana, tarehe ishirini na mbili. Gari la Kesho lilikatika kitu chini, akalala nalo njiani siku nne akisubiri kipuri. Alikuja kwa miguu kipande cha mwisho, bahasha ameiweka ndani ya shati, mkavu wa midomo. Nikampa maji. Simlaumu.

Kikao kilikuwa tarehe ishirini, kama nilivyokuandikia.

Nilivaa gauni la kijani. Mkaguzi mkuu ni mama wa makamo, mpole, anasikiliza akiwa ameshika kalamu bila kuandika. Bosi wako alikaa karibu na dirisha, ana viatu vizuri. Ilipofika zamu yetu nikasimama nikasema yote. Kwamba sikumwaga. Kwamba namba nilinakili. Watu walianza kunung'unika nyuma yangu, na yule bibi wa kidumu akatoka nje. Nikaendelea.

Mkaguzi akaniuliza, "Mpimaji aliyekufundisha alijua?"

Nikasema, "Hakujua. Alinifundisha vizuri, akaniuliza na nikamdanganya. Naapa kwa kaburi la mama yangu, hakujua."

Bosi wako akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaniambia asante mama kwa ukweli wako.

Mkaguzi akasema basi vipimo vyote kumi na viwili ni batili. Nikadhani tumepona. Kumbe kisima kisicho na kipimo hakiwezi kuingia kwenye orodha, wala muda wa kupima upya haupo. Alitaka kutusaidia, nilimwona. Aliinama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, hakuna hata kimoja kilichotekwa sawasawa? Kimoja tu, nikiandike."

Nikamwambia kipo. Mwezi wa pili, mdogo wangu aliteka mwenyewe, tukamwaga ndoo ishirini pamoja nikiwa namcheka. Akafungua jedwali. Bosi wako akasema ripoti inaanza mwezi wa tatu, kabla ya hapo ofisi haina kumbukumbu yoyote. Mkaguzi akanigeukia. "Karatasi yake unayo?"

Sikuwa nayo. Nikafikiri sana, nimesimama pale. Nikajiambia labda siku ile alikuwa ananionyesha tu, haikuwa kazi yenyewe. Nikamjibu, "Kama mdogo wangu hakuiandika, basi haikuwepo. Yeye hasemi uongo."

Hayo ndiyo maneno waliyoyaandika. Wamenisomea, nikaweka sahihi. Orodha imefungwa ina visima sita.

Barua yako ilipofika nikakimbia nayo kwa mwalimu mkuu. Akaisoma, akaivua miwani. Amesema tunaweza kukata rufaa, lakini wataweka mezani kiapo changu, wataniuliza nilidanganya lini, siku ile au leo. Kwa kaburi la mama niliapa. Nitaapa tena kwa kaburi la nani?

Unasema uliificha chini ya soksi. Ulikuwa na miezi miwili ya kuitoa. Mimi kosa langu nililitangaza mbele ya watu wanaonijua, nikiwa na hofu kwa ajili yako. Lako umelitia kwenye bahasha ukampa dereva. Nimekulea mimi, kwa hiyo sijui nimlaumu nani. Nimelia, nimekasirika, nimelia tena. Leo asubuhi trekta la kwanza limepita hapa mbele kwenda kilimani.

Baada ya hapo nilitoka nikaenda kisimani. Foleni ilikuwepo, sasa hivi hawanisalimii. Nikapiga pampu nikajaza ndoo, nikahesabu hatua thelathini, nikamwaga. Zote ishirini, kila mtu ananitazama, mkono haukukataa safari hii. Namba zilitulia kwenye ndoo ya kumi na tano. Ndipo nikajaza chupa hii ninayokutumia. Haina kutu, unaweza kuona duka la viatu kupitia kwake.

Usiipeleke maabara. Mpe binti yako anywe, akikua umwambie maji yetu yalikuwa hivi.

Mteka sampuli,
Kisima namba saba